Barua kwa mwanangu: karatasi ya damu na saa aliyoichora baba yako

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Uliniandikia: "Mama, nimeona majibu ya damu ya baba. CRP iko juu, na nikigawa niutrofili kwa limfosaiti napata tisa. Nimesoma kwamba wenye uvimbe wa ubongo, namba hizi zikipanda, akili huwa imeshuka. Juzi hata jina la mwanangu lilimtoka. Je, baba ameshatutoka kabla hajapasuliwa? Kama ni hivyo, tumpasue kwa nini?"

Sikutaka kukujibu kwa sauti ya haraka huku nyumba imejaa watu waliokuja kumjulia hali. Sasa wamekwenda, baba yako kalala, nami nimekaa barazani hapa Kibokoni. Miaka thelathini na moja nimeshika chupa za damu za watu, mwanangu. Hii ndiyo mara ya kwanza jina kwenye kibandiko ni la mume wangu, na mkono ulinitetemeka kama wa mwanafunzi.

Nianze na hiyo tisa yako, uwiano wa niutrofili na limfosaiti, aina mbili za seli nyeupe za damu. Damu uliyoisoma ilitolewa Alhamisi. Baba yako alianzishiwa deksamethasoni Jumatatu, ili kupunguza maji yaliyojaa kuuzunguka uvimbe. Dawa hiyo ina tabia zake kwenye damu. Niutrofili nyingi huwa zimejibanza kwenye kuta za mishipa. Dawa ikiingia, zinabanduka na kuingia mkondoni. Limfosaiti nazo zinaondoka kwenye damu. Nikaenda kuitafuta karatasi ya siku aliyolazwa, kabla hajameza kidonge hata kimoja: niutrofili 3.6, limfosaiti 1.8. Gawanya. Mbili. Ya Alhamisi ni 9.0 kwa 1.0, ndiyo tisa yako. Mtu ni yule yule na uvimbe ni ule ule. Ukisimama Likoni saa moja asubuhi ukawahesabu wanaongoja feri, huwezi kusema watu wa ng'ambo wamezaana usiku. Wametoka majumbani tu.

CRP nayo, protini ya damu inayopanda mwili ukiwa na uvimbe wa moto au maambukizi, hutengenezwa na ini, na ini halijui moto unawakia wapi, kichwani, kwenye kibofu au kwenye jino. Baba yako alikuwa na gego bovu tangu mwezi wa Ramadhani, akilificha kwa karafuu. Siku ya kwanza CRP ilikuwa 41. Jino limeng'olewa, amepewa dawa, na sasa ni 12. Hata hapo sisemi ni jino peke yake, kwa sababu deksamethasoni yenyewe huishusha.

Sisemi uliyoyasoma ni uongo. Wanaotafiti wana hoja. Mwili ukiwaka, kemikali zinazotoka kwenye seli za kinga hufika hadi kwenye ubongo na kuuchosha. Hata homa ya kawaida humfanya mtu asahau alichotumwa dukani. Kwa hiyo ni haki yao kuuliza kama damu ya mgonjwa wa uvimbe inaweza kutuambia kitu kuhusu kumbukumbu na umakini wake kabla ya kisu. Wanaangalia CRP, wanaangalia ule uwiano wako, na wanaangalia protini zinazovuja kutoka kwenye ubongo wenyewe. Moja inaitwa GFAP, inatoka kwenye seli zinazozitunza neva. Nyingine ni neurofilamenti, nyuzi za ndani ya neva. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha kipimo cha damu kinachotumia GFAP na protini nyingine kwa walioumia kichwa, kumsaidia daktari aamue nani apigwe picha. Lakini neurofilamenti hupanda kwa uzee, kwa kiharusi, hata kwa figo mbovu. Itakuambia kuna neva zinazoumia. Haitakuambia baba yako amesahau nini na amekumbuka nini. Ukipima wagonjwa mia na kuwapanga, huenda ukaona mstari unaoinama. Ukimshika mmoja wao mkononi, mstari ule haumsemi yeye.

Namba iliyonishtua mimi wewe hukuitaja kabisa. Ni sodiamu, chumvi ya damu. Iko chini ya karatasi, haina jina la kutisha, na yake ilikuwa 127, wakati inatakiwa iwe kati ya 135 na 145. Kwanza niliuliza kama damu ilitolewa mkono wenye dripu, maana maji ya dripu huidanganya mashine. Haikuwa hivyo. Sodiamu ikishuka hivyo mtu huzubaa, huchanganya siku, na majina humponyoka. Madaktari wameipandisha taratibu kwa siku kadhaa, kwa sababu kuipandisha kwa pupa kunaweza kuudhuru ubongo. Leo ni 136. Na leo asubuhi, bila kuulizwa na mtu, baba yako kaniuliza kama mjukuu wake ameanza kutambaa, akamtaja kwa jina. Nikaenda jikoni nikalia.

Hii ndiyo kazi ya damu ninayoiamini kabla ya upasuaji: kutafuta kinachorekebishika. Sodiamu, sukari ambayo deksamethasoni huipandisha, upungufu wa damu, tezi ya shingo, vitamini B12, maambukizi. Kila kimoja kinaweza kumpunguzia mtu akili, na kila kimoja kina dawa.

Sasa nikueleze kile kipimo cha maswali, ambacho ulikiita mchezo wa watoto. Kinaitwa MoCA, nacho hupima kumbukumbu, umakini na mengineyo ya akili. Kilitengenezwa Montreal, Kanada, na daktari Ziad Nasreddine na wenzake, kikachapishwa mwaka 2005. Alama ni 30, na 26 kwenda juu ndiyo huhesabiwa sawa. Baba yako alipewa 17. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, nikayaona yote.

Kijana aliyempima alikuwa na karatasi ya Kiingereza, akawa anaitafsiri papo hapo. Kwenye karatasi mgonjwa anatakiwa achore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Kijana akasoma kumi na moja kama ilivyoandikwa, akamwambia, "Chora saa kumi na moja na dakika kumi." Baba yako akachora. Mkono mfupi akaupeleka kwenye tano, mrefu kwenye mbili, kama ambavyo mtu yeyote wa Mombasa angefanya akiambiwa saa kumi na moja. Akakatwa alama. "Nimechora uliyoniambia," baba yako akasema kwa upole, akaweka kalamu chini. Nikamweleza yule kijana, naye kwa haki yake aliona haya na akairudisha alama. Nikamkumbusha pia kwamba aliyesoma miaka kumi na miwili au chini ya hapo huongezewa moja, na baba yako aliishia kidato cha pili. Ikawa 19.

Kumi na tisa bado si ishirini na sita, na sitakuficha. Ile saa yenyewe ilikuwa na kosa ambalo si la tafsiri: namba zote kumi na mbili zilisongamana upande wa kulia, na upande wa kushoto wa duara ulikuwa mtupu. Uvimbe uko kulia, nyuma, na upande ule wa ubongo ndio unaoangalia kushoto. Nyumbani nilikuwa nimeshaona bila kuelewa. Anakula wali na samaki nusu ya sahani, ya kulia, anasema kashiba. Nikiigeuza sahani, anamaliza. Bega la kushoto lina michubuko ya fremu za milango.

Lakini alipoambiwa atoe saba kwenye mia, halafu atoe saba tena, karani yule wa Kilindini alishuka 93, 86, 79, 72, 65 bila kuvuta pumzi. Hilo nalo liko ndani ya ile 19, ila ukitazama jumla tu hulioni.

Unaniuliza tumpasue kwa nini ikiwa akili tayari imeguswa. Mwanangu, wengi wao huguswa kabla ya tiba yoyote. Mwaka 2000 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 139 wenye uvimbe wa mbele au wa pembeni mwa ubongo, na zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa na upungufu fulani kabla hawajatibiwa. Ndiyo maana nilishikilia apimwe sasa, na apimwe vizuri, kwa Kiswahili chake. Akitoka, tukimpima tena, tujue kipi kililetwa na uvimbe, kipi na kisu, na kipi kimerudi. Daktari wa upasuaji anasema picha ya MRI inaonyesha glioma, uvimbe unaotokana na seli za ubongo wenyewe, lakini jina kamili litatoka kwenye kipande watakachokikata. Mpaka kipande kile kifike maabara, hakuna karatasi ya damu itakayonifanya niseme baba yako kaisha.

Anaingia Jumanne, inshallah. Wewe piga simu Jumapili saa nne asubuhi. Usiku dawa humkosesha usingizi, na jioni huwa amechoka. Siku zile ulizosema hakutazami, simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye birika, kushoto kwake. Jumapili nitaishika mimi mwenyewe, upande wa kulia. Mpakate mtoto, akuone naye.

Mama yako