Gereji ya wasomaji: Kutu iliyojificha chini ya mpira wa ML

Maswali ya safari hii yamehusu gari moja, Mercedes-Benz ML ya muundo wa 164, pamoja na ndugu zake GL na R. Ni magari ya kifahari yaliyofika kwetu yakiwa yameshatumika, mengi kutoka Japani na Uingereza, na sasa bei zake zimeshuka hadi mtu wa kipato cha kati anaweza kulitamani na kulinunua. Swali la breki tumelipa nafasi kubwa kuliko mengine yote, kwa kuwa ndilo la kufa na kupona.

Nimesikia kwamba mwaka 2022 kampuni iliwaambia wenye ML waache kuziendesha. Yangu ni ML350 ya 2008 kutoka Uingereza na sijapata barua yoyote. Je, nayo imo? (Msomaji, Tanga)

Ulichosikia ni kweli. Juni 2022 Mercedes-Benz ilitangaza kuyaita kwa ukaguzi magari yapatayo 993,000 duniani: ML na GL za muundo wa 164 na R za muundo wa 251, yaliyotengenezwa kati ya 2004 na 2015. Marekani peke yake yalikuwa zaidi ya 292,000, na huko wenye magari waliambiwa wazi wasiyaendeshe mpaka yakaguliwe.

Barua ya wito humfuata mtu ambaye jina lake limo kwenye usajili wa nchi lilikokuwa gari. Likishapanda meli, barua inabaki kumtafuta mwenyewe wa zamani. Kwa hiyo, kutopata barua hakukupi uhakika wowote. Chukua kadi ya gari usome namba ya chesisi. Gari lililouzwa Ulaya au Japani kwa kawaida huanza na WDC, kisha 164 au 251. Ukiona hivyo, lihesabu gari lako kuwa linahusika hadi litakapokaguliwa. Wakala rasmi akiingiza namba hiyo kwenye mfumo wa kiwanda ataona kama kazi ya breki ilishafanyika.

Kinachoharibika ni busta ya breki, ambayo mafundi wengine huiita sevo. Ni kama bakuli mbili za bati zilizofumbatishwa, zimefungwa ukutani mwa injini upande wa dereva, na masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki, imeshikamana nayo kwa mbele. Ndani kuna kiwambo cha mpira. Upande mmoja wa kiwambo hewa imenyonywa, upande wa pili hewa ya nje inaingia unapokanyaga, na tofauti hiyo ndiyo inayousaidia mguu wako kulisimamisha gari la zaidi ya tani mbili. Kwenye magari haya, kiwanda kiliivisha busta mkanda mpana wa mpira. Maji na unyevu vikiingia chini ya mkanda huo havipati pa kutokea. Bati linaoza pole pole mahali ambapo jicho halifiki, na kwa nje mpira unaonekana mzima kabisa.

Bati likitoboka, hewa inavuja na msaada unapungua: utakanyaga kwa nguvu nyingi zaidi na gari litasimama mbali zaidi. Hali mbaya zaidi, ambayo ni nadra lakini kampuni yenyewe ilikiri kwamba inawezekana, ni bati lililooza kushindwa kuhimili breki ya ghafla, na pedali ikapoteza uhusiano na mfumo wa breki. Hapo breki ya mguu imekwisha.

Nipo mbali na wakala. Naweza kujipimia mwenyewe? (Msomaji, Lindi)

Unaweza, na anza kwa mguu. Gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imezimwa, kanyaga pedali mara tano hadi iwe ngumu. Ishikilie hapo bila kuiachia, kisha washa injini. Pedali inapaswa kuzama kidogo yenyewe chini ya mguu. Isipozama, msaada haupo: ama busta inavuja, ama bomba la kunyonya hewa limepasuka, ama vali yake haishiki.

Kisha iache injini ingurume dakika mbili, izime, kaa nusu dakika, ukanyage tena. Mkanyago wa kwanza uende chini kama kawaida, wa pili na wa tatu upande juu zaidi. Ukiwa mgumu tangu wa kwanza, hewa imeingia. Mwisho, zima redio na feni, injini ikiwa inafanya kazi, ukanyage huku umetega sikio. Mlio wa kufoka kama tairi linalovuja, unaotoka usawa wa miguu na kuendelea muda wote unapokanyaga, hautakiwi. Ukiusikia, au pedali ikibadilika tabia, liache gari hapo hapo lilipo.

Lakini majaribio haya yakifaulu hayatoshi. Bati linaweza kuwa limebaki jembamba kama karatasi na bado halijatoboka. Ni lazima mpira uvuliwe. Fungua boneti, ondoa vifuniko vya plastiki vilivyoizunguka busta, uuvute mkanda utoke, ufute uchafu kwa kitambaa kikavu, kisha umulike kwa tochi mzunguko mzima. Upande wa nyuma na wa chini ingiza simu na upige picha, kwa sababu kutu hupenda kuanzia chini, maji yanakotuama. Madoa ya kahawia yanayofutika ni jambo moja. Kutu iliyovimba, inayobanduka kwa magamba au yenye vishimo ni jambo jingine, na gari hilo libebwe, lisiendeshwe. Kama ni ya kati kati, fundi aipime uvujaji wa hewa. Usiichokonoe kwa bisibisi. Unaweza kuitoboa wewe mwenyewe.

Ukishauvua mpira, usiurudishe. Hata katika ukaguzi rasmi, kuuondoa ni sehemu ya tiba.

Jambo jingine ambalo wengi hawaliangalii: chini ya kioo cha mbele, penye waipa, kuna matundu ya kupitishia maji ya mvua. Gari linalolala chini ya mwarobaini au mwembe hujaza majani humo, maji yakakosa njia na kumwagika yasipotakiwa. Yasafishe kabla ya kila msimu wa mvua.

Fundi amependekeza tupige msasa na rangi, au tununue busta ya gari lililokatwa. Ushauri wenu? (Msomaji, Nairobi)

Msasa na rangi, hapana. Unaondoa kutu pamoja na bati lililobaki, kisha unapaka rangi juu ya udhaifu. Kuchomelea au kuziba kwa gundi ni hatari zaidi, maana ndani kuna kiwambo cha mpira kisichostahimili moto.

Busta ya gari lililokatwa ina umri ule ule, na ilivaa mpira ule ule. Muuzaji akikataa kuuvua mbele yako, ondoka. Busta mpya ni ghali, lakini kwenye gari hili hiyo ndiyo fedha ya kwanza kutumika, kabla ya rimu, kabla ya redio.

Wakati wa kubadilisha, fundi aanze kwa kukanyaga pedali mara kadhaa injini ikiwa imezimwa ili hewa iliyonyonywa iishe nguvu. Masta silinda ikifunguliwa, oringi, yaani pete ya mpira, iliyo kati yake na busta ibadilishwe. Ya zamani ikivuja, mtailaumu busta mpya bure. Mafuta ya breki yawekwe mapya ya DOT 4 plus, hewa itolewe kwenye mabomba ya breki ya magurudumu yote manne, na majaribio ya pedali yarudiwe kabla gari halijatoka getini. Mafuta hayo hunyonya unyevu, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili.

Na pedali ikikufia njiani? Breki ya kuegeshea kwenye 164 ni pedali ndogo ya mguu, nayo ina njia yake yenyewe hadi magurudumu ya nyuma. Shusha gia, ikanyage pole pole huku mkono umeshika kitasa cha kuiachia, ili magurudumu ya nyuma yasifunge ghafla. Usizime injini, usukani utakuwa mzito.

Asubuhi ML hulala upande mmoja, halafu ikiwashwa hunyanyuka. Nibadilishe kompresa? (Msomaji, Arusha)

Usianze na kompresa. Gari lenye springi za upepo likiinama usiku, hewa inavuja kona ile iliyolala. Kompresa ni mfanyakazi anayechota maji kwa ndoo iliyotoboka: inafanya kazi muda mrefu kupita kiasi hadi inaungua. Ukiweka mpya bila kuziba tundu, nayo itakufa.

Egesha pa tambarare, pima kwa futi ya kupimia kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa mbawa, kona zote nne, uandike. Asubuhi pima tena kabla ya kufungua mlango. Kona iliyoshuka zaidi ya sentimita moja ndiyo ya kuchunguza. Changanya kijiko cha sabuni ya vyombo katika nusu lita ya maji, upulizie maungio ya bomba juu ya springi na mikunjo ya mpira wake. Mapovu yatakuonyesha. Ukibadilisha kompresa, badilisha na rilei yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima. Rilei ikiganda, kompresa haizimiki.

Dashibodi ikikuandikia kwamba gari liko chini mno, simama. Tairi likisugua mbawa kwa mwendo wa barabara kuu, linapasuka. Na kamwe usiingie uvunguni gari likiwa limeshikiliwa na upepo au jeki pekee. Weka stendi mbili imara chini ya bodi. Springi ikiachia hewa, gari hushuka kwa sekunde chache.

Taa ya injini imewaka kwenye V6 ya petroli. Wanasema injini itolewe nzima. Ni kweli? (Msomaji, Kampala)

Inawezekana. Injini za M272, yaani hiyo V6 ya petroli, za mwanzo zilikuwa na gia ya shafti ya mizani (ile inayopunguza mtikisiko wa injini) yenye chuma laini mno. Meno yakilika, cheni inapoteza taimingi, na mashine ya kupimia inasoma kosa la mkao wa kamshafti, shafti inayofungua vali za injini. Tazama namba ya injini: zinazohusika huishia na nambari ya mfululizo isiyozidi 30 468993. Kwa V8 ya M273 tatizo liko kwenye gia ya kati ya cheni, mwisho wake 30 088611.

Kazi hiyo kweli hutaka injini ishuke. Kabla ya kukubali, hakikisha sensa na sumaku za kamshafti zimepimwa kwanza, kwa kuwa nazo huleta makosa yanayofanana na hayo kwa gharama ndogo sana. Kwa anayenunua: gari lenye namba ya zamani na lisilo na risiti ya kazi hii, punguza bei au liache.

Eabegi za Takata zinahusu na magari haya? (Msomaji, Unguja)

Baadhi ya ML, GL na R, ndiyo. Takata ni kampuni ya Japani iliyotengeneza mifuko hiyo ya hewa. Kemikali ya kuupuliza mfuko, amoniamu nitreti, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, kisha mgongano ukitokea kopo lake hulipuka na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Hali ya hewa ya pwani ndiyo inayoiharibu haraka. Unapompelekea wakala namba ya chesisi kwa ajili ya breki, muulize na eabegi siku hiyo hiyo, na umwombe majibu yote mawili kwa maandishi.