Shangazi anayetabasamu kwa kulazimisha

Umeuliza uso wa shangazi kwenye hadithi yako uufananishe na nini. Mi hapo ningeitoa hiyo uliyoandika, "uso kama simba aliyejeruhiwa", mapema sana, maana simba ana makelele na huyu shangazi kakaa kwenye kikao cha harusi, kasikia jina lake halimo kwenye kamati, anatabasamu tu ili watu wasijue kaumia. Sasa simba katokea wapi hapo jamani? Anza na kuangalia uso wenyewe unafanya nini. Kuna daktari Mfaransa, Duchenne, aliandika tangu 1862 kwamba tabasamu la kweli linabana na misuli inayozunguka macho, la kulazimisha linaishia mdomoni. Kwa hiyo mdomo umevutika, macho yamebaki vilevile hayajui kama kuna sherehe. Ukishaona hivyo tafuta mtu mwingine wa kumfananisha naye, ambaye anaumia na haruhusiwi kulia, mfano "alitabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole kwenye daladala, kugeuka anakuta aliyemkanyaga ni mama mkwe". Mi hiyo naiona kabisa, hadi shingo ilivyokakamaa.

Ile ya ndimu (kakunja uso kama kaonja ndimu) usiitumie, hiyo ni ya mtu aliyechukia waziwazi na ishatumika mpaka imechuja. Halafu si lazima "kama" kila mara, baadaye akifika nyumbani na kujifungia chumbani andika tu uso ulimsawijika, inatosha, neno lenyewe limebeba kila kitu.