Mjini au ufukweni? Kwa siku tatu, vukeni Ukerewe
Dada, umeuliza kama siku tatu za wewe na shemeji mzimalizie Mwanza mjini au mkakae ufukweni kwenye kisiwa cha Ukerewe, ndani ya Ziwa Victoria. Mimi nasema vukeni. Umeeleza mwenyewe kwamba mmechoka na kelele za kazi na mnachotaka ni kupata muda wa kuongea.

Kutoka Mwanza hadi Nansio, bandari ya Ukerewe, ni mwendo wa masaa kama matatu majini, na safari yenyewe ni nusu ya raha. Kaeni nje, upande wa kivuli, muone miamba ya mji ikipungua taratibu. Sisi tulipofika tulimkuta mama mmoja anampara sato magamba pale pale ufukweni. Akamkaanga mzima, akatuletea na ugali wa muhogo na kipande cha ndimu. Hatukugusa simu mpaka usiku.

Ila nakusihi sana, msiogelee ziwani. Kichocho kipo Ziwa Victoria, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani kando kando. Kama kwenu bila kuogelea si mapumziko, basi bakini mjini kwenye hoteli yenye bwawa.

Mji uwekeeni siku ya mwisho. Kisiwa cha Saanane, ambacho ni hifadhi ya wanyama, ni dakika chache tu kwa boti, swala na pimbi mtawaona kwa karibu, halafu jioni mkae mkitazama Jiwe la Bismarck, ule mwamba uliosimama majini kando ya mji, jua likizama. Ratiba ya meli ulizieni siku moja kabla, na tiketi kateni mapema.