Lenzi yangu ilikufa bure

Juzi kijana mmoja wa Makambako kaniandikia: "Kaka shikamoo. Lenzi yangu imeingia vumbi ndani, nimeimulika na tochi naliona kabisa. Nina bisibisi za fundi simu. Naanzia wapi?" Katuma na picha. Lenzi imelazwa mezani, pembeni yake skrubu moja imeshatolewa.

Mdogo wangu, rudisha hiyo skrubu. Halafu kaa nikusimulie.

Agosti ya mwaka juzi nilipata kazi ya send-off huko Chunya. Kazi nono, familia ya wachimba dhahabu, na nilishaambiwa nikifanya vizuri basi hata harusi yenyewe, hapa Mbeya mjini, ni yangu. Lami ikatuishia njiani, tukaingia barabara ya machimboni, msafara wa magari kumi na kitu, mimi nimesimama nyuma ya pikapu napiga picha. Vumbi la huku kiangazi mnalijua. Likikutua kwenye nyusi unaonekana babu. Nilikuwa na zumu ya 18-135: navuta, narudisha, navuta, narudisha. Zumu ya namna ile ukiivuta bomba lake linarefuka na kunyonya hewa, yaani lenzi inapumua, na siku ile ilipumua machimbo. Katikati ya safari nikaichomoa, palepale juu ya pikapu, nikaweka ya milimita 50. Hilo naliandika kwa aibu, mtaona kwa nini.

Picha zikatoka. Siku ya kukabidhi, mama mmoja wa kamati akaikuza moja kwenye simu, akauliza kwa sauti: "Hawa ni inzi au?" Vidoa vinne vya kijivu angani, juu ya kichwa cha bi harusi. Ukumbi mzima kicheko. Na mimi nikacheka, ningefanyaje. Harusi akapewa mwingine, tena mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika kamera. Hata leo nikiona gari limefungwa maua linaelekea Mafiati tumbo linanikaza kidogo.

Usiku ule nikamulika lenzi kwa tochi ya simu. Vumbi tele. Nikasema, mchawi huyu hapa.

Nikatandika taulo mezani, nikatazama video moja (moja tu!), nikaanza. Skrubu za lenzi za Kijapani zina alama ya msalaba kama hizi zetu, ila umbo lake si lilelile. Bisibisi ya kawaida haikai vizuri, inaruka na kula kichwa cha skrubu. Ya tatu ikalika. Nikailazimisha. Chini ya bamba la nyuma nikakuta vipete vyembamba kama ganda la kitunguu, nikavifuta vizuri, nikaviweka pembeni bila kuandika kipi kilikaa wapi. Kumbe vile ndivyo vinavyoiweka lenzi kwenye umbali wake sahihi ili fokasi ikubali, yaani picha itoke kali. Halafu nikavuta sehemu iliyokuwa imeshikwa na utepe wa waya. Nilisikia mlio mdogo tu, kama karatasi ya pipi.

Saa zilizofuata sizisimulii. Nilipomaliza kufunga, skrubu moja ilibaki mkononi, na kamera haikuisoma lenzi tena. Laki nne na nusu, pesa ya vikoba.

Sasa sikieni. Kesho yake asubuhi niliweka ile ya 50, nikaelekeza anga juu ya mlima Loleza, nikabana apacha (lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga) mpaka f/22, yaani likawa dogo kabisa, nikapiga. Vidoa vinne. Palepale! Vumbi lililoniaibisha lilikuwa kwenye sensa. Si ile ya watu na makazi; nasema kile kidude cha ndani ya kamera kinachopokea picha. Liliingia nilipobadilisha lenzi juu ya pikapu.

Punje iliyo ndani ya lenzi, hasa upande wa mbele, iko mbali mno na fokasi, haitoki pichani. Inazuia mwanga kidogo sana. Utaona madhara vumbi likiwa jingi, ukapiga ukilielekea jua, picha ikapauka. Punje ya kwenye sensa ni habari nyingine: inatupa kivuli papo hapo, na ukibana apacha kivuli kinakolea. Na kwa kuwa picha inaingia kamerani kichwa chini, vumbi lililodondoka chini ya sensa linatokea juu, angani, ambako kila mama wa kamati ataliona.

Kwa hiyo pima kwanza. Anga tupu au ukuta mweupe, f/22, badilisha lenzi, piga tena. Kidoa kisipohama, lenzi haina kosa. Betri ijae, toa lenzi, ingia kwenye menyu ya kusafisha sensa, geuza kamera itazame chini, puliza kwa kipulizio cha mpira. Usipulize kwa mdomo, utatia mate. Usitumie hewa ya kopo. Pima tena. Nimesema pima? Pima.

Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hilo si vumbi, ni fangasi, na ndugu zetu wa Tukuyu na mvua zao wanalifahamu. Hiyo mpelekee fundi mwenye vifaa vyake, usiifungue.

Vijana mna haraka. Mtu akipata aibu kidogo anataka kushika bisibisi usiku huohuo ili aamke shujaa. Mimi sasa watu wananiletea kamera mpaka kutoka Tunduma, na kazi ya kwanza ninayofanya ni kuweka mikono mfukoni na kuuliza maswali. Wengi wanaondoka na lenzi zao zina vumbi vilevile na picha safi. Wengine wananuna, wanaona sijafanya kitu.

Wewe wa Makambako, piga huo ukuta leo kabla jua halijazama, unitumie picha zote mbili. Skrubu umesharudisha?