Gurudumu la mbele la trekta linacheza: ni beringi au kingipini?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nalima mahindi kando ya Mto Sabaki, hapa Malindi. Gurudumu la mbele la kushoto la Massey Ferguson 135 yangu linacheza na kunguruma. Msimu uliopita niliweka beringi mpya, ya ndani na ya nje, na zimekufa tena. Nimeuziwa feki?

JIBU: Marahaba. Huenda, lakini usimlaumu muuzaji mapema. Ulipobadilisha, ulitoa na pete zake, zile zilizobanwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu? Wengi huziacha kwa sababu ni ngumu kutoka. Rola mpya zikitembea juu ya pete iliyochimbika, hazimalizi msimu.

Kwanza hakikisha. Zuia magurudumu ya nyuma kwa magogo, inua ekseli kwa jeki, kisha iegemeze kwenye stendi. Jeki peke yake usiiamini. Shika tairi juu na chini ulitikise, mtu akikutazamia kwa nyuma. Habu ikicheza yenyewe, ni beringi. Ikicheza pamoja na ekseli fupi iliyoibeba, ni kingipini, ile pini ya wima ambayo gurudumu hugeukia unapokata usukani, na beringi utanunua bure.

Pete kuukuu igonge kutoka upande wa pili kwa kipande cha shaba, ukihama huku na huku isije ikakwama upande. Ipeleke dukani pamoja na beringi, maana namba zimechongwa ubavuni na pete ina namba yake. Habu ioshe kwa dizeli, ikauke. Pete mpya isukume kwa ile kuukuu, nyundo isiiguse.

Ila mimi, kwa mashamba ya Sabaki, naishuku zaidi sili, ile pete ya mpira inayozuia uchafu usiingie kwenye beringi. Matope yale laini yakipenya, grisi inageuka msasa. Nunua mpya hata kama ya zamani yaonekana nzima, na uielekeze vilevile. Papasa pia pale mdomo wake unapokaa kwenye ekseli: pakiwa na mfereji, sili yoyote itavujisha mpaka pajazwe na kuchongwa upya. Grisi nayo ikandamize kwa kiganja mpaka itokeze kati ya rola. Kupaka juujuu hakusaidii.

Nati kaza huku ukizungusha habu mpaka iwe nzito, halafu legeza kidogo tu hadi tundu la pini inayozuia nati lilingane. Weka pini mpya, tafadhali, si msumari. Ukishafanya kazi kama saa moja, gusa habu. Vuguvugu si neno. Ikikuchoma, nati imekaza mno, ilegeze kabla hujaendelea.