Re: Kuolewa kwa wafalme mtu anapoteza nini?
Mkuu umeuliza mwanamke akiolewa kwa wafalme anapoteza nini wakati kila kitu anapewa, ngoja nikupe mfano wa Masako wa Japani. Huyu dada kasoma Harvard, akawa mwanadiplomasia wizara ya mambo ya nje kwao, Naruhito, mrithi wa kiti cha kifalme, alipomposa mwanzoni alikataa, baadae ndo akakubali wakaoana Juni 1993. Kazi ikaishia hapo. Hata jina la kwao, Owada, akaliacha, maana familia ya kifalme kule haina jina la ukoo.

Sasa presha ya mtoto, tena awe wa kiume maana kwa sheria yao mwanamke harithi kiti. 1999 mimba ikatoka na nchi nzima ikajua, yaani fikiria uchungu wako wa chumbani unasomwa kwenye taarifa ya habari. 2001 akampata Aiko, wa kike, maneno hayakuisha. Mwisho wa 2003 akaacha kuonekana hadharani, na 2004 mumewe akawaambia waandishi kuna mambo yamefanyika kumdharau mkewe, kazi aliyotoka nayo na utu wake. Mi hapo nilimheshimu sana yule baba. Miezi miwili tu baadae ikatangazwa Masako anaumwa kwa msongo, na ameshakuwa malkia tangu 2019 lakini bado yuko kwenye matibabu.