Laptopu ya chuo: HP, Dell, Mac au Linux? Nimejibu maswali yenu

Wiki hizi mbili maswali ni mengi mno, watoto wanaenda vyuoni na hela ya laptopu ndio imepatikana kwa shida, na karibu kila mtu anauliza jina la kampuni. Nimechagua machache nijibu vizuri. Ila nawaomba sana kabla ya kusoma, jina lililo kwenye mfuniko liwe kitu cha mwisho mnachoangalia, kuna vitu vinakuja kabla yake na ndivyo vinavyowaliza watu.

*Mambo kaka, naingia mwaka wa kwanza UDSM, Sayansi ya Kompyuta. Nina laki saba. Kariakoo wananiambia EliteBook, rafiki yangu anasema Dell hazifi, mwingine ananiambia ThinkPad. Nichukue ipi?*

Poa mdogo wangu, hongera kwa kuchaguliwa. Zote hizo (EliteBook ni ya HP, ThinkPad ni ya Lenovo) ni mashine za ofisi, makampuni ya huko Ulaya na Marekani wanazitumia miaka mitatu minne halafu wanaziuza kwa jumla zinakuja huku mtumba, ndio maana ni ngumu kuliko zile za plastiki za bei hiyo hiyo. Kwa hiyo usibishane na marafiki zako kuhusu HP na Dell, bishana na muuzaji kuhusu jenereshini ya prosesa, yaani kizazi cha ile chipu ambayo ni ubongo wa mashine, hapo ndipo hela yako inapopotea au inapopona.

Sababu ni hii. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, waliobaki nayo wamepewa nyongeza ya apdeti za usalama mpaka Oktoba 2026 na lazima ujiandikishe kwanza. Windows 11 nayo kwa upande wa prosesa za Intel (hizo i3, i5, i7) inataka jenereshini ya 8 kwenda mbele. Sasa mashine nyingi za bei nzuri pale sokoni ni za 6 na 7, zinang'aa, ni nyepesi, muuzaji anakwambia "i7 hiyo" na wewe unaona i7 lazima iwe kubwa kuliko i5, kumbe i5 ya jenereshini ya 8 ina koa nne (sehemu za prosesa zinazofanya kazi) na i7 nyingi za laptopu nyembamba za jenereshini ya 6 zina mbili tu. Soma namba inayofuata baada ya kistari: i5-6300U hiyo ni ya 6, i5-8350U ni ya 8, i5-1135G7 ni ya 11. Na usisome kwenye stika maana stika inabandikwa, washa mashine, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji (Performance), jina la prosesa liko pale juu.

Kwa majina, EliteBook 840 G3 ni ya 6, G5 nyingi ni za 8. Dell Latitude 7480 iache, tafuta 7490. ThinkPad iache T470, chukua T480. Wewe unayesoma kompyuta mimi ningekwambia T480 bila kusita, ina nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) kwa hiyo leo unanunua ya 8GB na bumu (hela ya mkopo wa chuo) likiingia unaongeza ifike 16, maana Android Studio, ile ya kutengenezea programu za simu, kwenye 8GB inafunguka ila utaisubiri sana. Halafu T480 ina betri mbili, moja iko ndani na nyingine unaichomoa kwa nje na kuweka yenye chaji huku mashine inaendelea kuwaka, umeme ukikatika hosteli utaona faida yake. Ukiikosa hiyo, 840 G5 haitakuangusha.

Na akikwambia "hii ya 6 nimeshaipiga Windows 11 na inakimbia", kweli inaingia kwa njia za kuzunguka, lakini Microsoft hawaitambui na hawakuahidi kuipa apdeti. Usilipie bei ya jenereshini ya 8.

*Shikamoo. Mdogo wangu kachaguliwa Chuo Kikuu Ardhi, upimaji na mambo ya ramani, anataka MacBook Air M1 na baba amekubali. Mimi nina wasiwasi, nisaidie.*

Marahaba, na wasiwasi wako ni wa kweli. Mwambie mdogo wako kwa upole kwamba ArcGIS Pro ya kutengenezea ramani haipo kwa Mac, Civil 3D na Revit za usanifu nazo hazipo. QGIS, nayo ya ramani, ipo na AutoCAD ya Mac ipo, lakini mwalimu akisema fungueni ArcGIS Pro darasa zima litafungua na yeye atabaki anaomba mashine ya jirani. Zile Mac za zamani za Intel ulikuwa unaweza kuweka Windows pembeni kwa Boot Camp, kuanzia M1, chipu ya Apple wenyewe iliyotoka mwishoni mwa 2020, hiyo kitu imeondolewa. Hiyo hela ya M1 inatosha kabisa laptopu ya Windows yenye 16GB na kadi ya picha ya kwake.

Sisemi Mac ni mbaya jamani. Anayesoma uandishi wa habari, sheria, au anayehariri video, M1 ni mashine tamu, haina feni, haipigi kelele maktaba, na chaji inakaa kutwa. Na anayetaka kutengeneza programu za iPhone hana njia nyingine maana Xcode iko Mac tu. Ila RAM yake haiongezwi, ukinunua ya 8GB ndio hiyo hiyo mpaka mwisho.

*Mwanangu anaenda kusoma uuguzi. Dukani nimepewa laptopu mpya kabisa kwenye boksi, Celeron, RAM 4GB, uhifadhi 64GB, laki nne na nusu. Mtumba naogopa. Niichukue?*

Shikamoo mama. Hapana mama, usiichukue. Upya wake ni wa boksi tu, na Celeron ni prosesa ya chini ya Intel. Hiyo 64GB ndio kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali kuingia, kwa hiyo Windows yenyewe ikishakaa na apdeti mbili tatu zikishuka mtoto hana pa kuweka vitabu vyake, na mara nyingi hiyo hifadhi imechomelewa kwenye bodi huwezi kubadilisha. Ongeza kidogo upate mtumba wa jenereshini ya 8 wenye RAM ya 8GB na SSD (hifadhi ya kasi) ya 256GB. Uoga wako wa mtumba ni halali, ndio maana swali linalofuata nimelijibu kwa urefu, mpe kijana asome kabla hamjaenda dukani.

*Nikiwa dukani nakagua nini? Nisije nikaibiwa.*

Hapa niwaambie yaliyonipata. Mwaka juzi nilimnunulia binti wa dada yangu EliteBook kwenye duka moja Kariakoo, nikaangalia kioo, nikaangalia RAM, nikapiga muziki, safi, nikalipa. Wiki ya tatu Windows ikagoma, nikachomeka flashi nipige upya, mashine ikakataa kusoma flashi, naingia BIOS (mipangilio ya ndani ya mashine kabla Windows haijawaka) nibadilishe, ikaniletea kiboksi cheupe kinaomba paswedi. Ile paswedi iliwekwa na kampuni iliyokuwa inaitumia huko ilikotoka. Dukani wakanirusha kwa fundi, fundi akataka hela nyingine, na mtoto yuko kwenye majaribio hana kitu cha kusomea. Niliumia sana kwa sababu ni kitu cha sekunde kumi.

Kwa hiyo kabla ya hela kutoka mfukoni, izime, iwashe, na inapowaka gonga F10 kama ni HP, F2 kama ni Dell, F1 kama ni ThinkPad. Ikiingia bila kuomba kitu, sawa. Ikiomba paswedi, irudishe hata kama ni nzuri kiasi gani. Kwa Mac mwambie aifute yote mbele yako na uanze kuisajili kwenye intaneti, ikitokea iCloud ya mtu mwingine au ujumbe kwamba inasimamiwa na taasisi fulani, ondoka.

Kisha betri. Fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport, itakutengenezea faili na kukuonyesha imeiweka wapi, lifungue utafute namba mbili, uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Ikiwa kiwandani 50,000 na sasa 25,000, nusu imeshakwenda, dai betri nyingine au apunguze bei. Na bonyeza kila herufi kwenye kibodi. Zinazotoka Ujerumani Z na Y zimebadilishana nafasi, zinazotoka Ufaransa A iko palipo Q, wanaziba kwa stika na stika zikitoka kwa jasho la vidole unabaki unakisia.

*Niaje, niko Eldoret. Brathe amenipea laptopu yake mzee, Core i3, 4GB, Windows inajikokota. HELB (mkopo wa wanafunzi) bado. Linux itasaidia ama nitajuta?*

Itasaidia. Linux ni mfumo endeshi unaokaa badala ya Windows. Weka Linux Mint ile ya Xfce, ni nyepesi na ni ya bure. Iandike kwenye flashi kwanza uiwashie hapo hapo bila kufuta kitu, ujaribu WiFi, sauti na kamera, ukiridhika ndio uiweke. LibreOffice, programu ya kuandikia ya huko Linux, inafungua faili za Word ila mpangilio wakati mwingine unahama, kwa hiyo asaimenti itume kwa PDF. Kama unasoma uhasibu na wanafundisha Tally (programu ya hesabu), hiyo ni ya Windows, utatumia kompyuta za chuo. Na ukipata pesa kidogo kabla HELB haijaingia, kama ndani kuna diski ya zamani ya kuzunguka, itoe uweke SSD, hutaamini ni mashine ile ile.

*Chromebook je?*

Hiyo ni laptopu inayotumia mfumo wa Google badala ya Windows. Kama kozi yako ni ya kusoma, kuandika na kutafuta mtandaoni, na bando sio tatizo, inafaa. Programu za Windows haziingii. Kabla ya kununua ya mtumba ingia kwenye mipangilio uangalie tarehe yake ya mwisho ya apdeti, kila Chromebook inayo, nyingi zinazouzwa bei ya chini ni kwa sababu tarehe hiyo imeshapita.